Namba Ngeni

Mtaani kwao walimwita Mama Sabuni, na habari za ubahili wake zilijulikana hata na watoto wa chekechea. Si kwamba alikuwa mchoyo, tusimsingizie. Mgeni akifika kwake hula akashiba, na akiondoka hufungiwa vipande viwili vya sabuni. Lakini senti ikishaingia mkononi mwake, kutoka ni kwa mbinde. Basi alipochaguliwa kwenda nchi ya nje kwa mafunzo ya siku kumi ya kutengeneza sabuni, tiketi kalipiwa, kitanda kalipiwa, chakula kalipiwa, kitu pekee alichoachiwa ajigharimie mwenyewe kilikuwa simu. Na hicho ndicho kilichomnyima raha wiki nzima kabla ya safari.

Nyumbani alikuwa anaacha roho mbili. Ya kwanza ni mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na kitu. Ya pili ni binti yake wa miaka minne, ambaye kwa kurukaruka kutwa nzima walimbandika jina la Kitenesi. Baba wa mtoto alikwenda zake kitambo, na hatuna haja naye hapa.

Mama Sabuni alikuwa na simu moja tu, kitochi cha kubonyeza, na ndani yake yalikuwemo majina ya wateja wote. Angesafiri nacho, wateja wangempigia nani? Akakiacha kwa mama yake, laini ikiwa ndani, ili bibi awe anapokea oda. Yeye akanunua simu ya kupangusa ya mkono wa pili, kwa kuwa wenye mafunzo walisema ni lazima, nayo ilikuwa imefutwa kila kitu, haina jina hata moja. Namba aliyoijua kwa kichwa dunia nzima ilikuwa moja, namba yake mwenyewe. Akaona inatosha. Nikifika nitajipigia, mama atapokea, yamekwisha.

Na yangekwisha kweli, kama asingekuwa amemfundisha mama yake jambo jingine kabla ya hapo.

Mwaka juzi bibi, akiwa ameachiwa kitochi hichohicho nyumbani, alipigiwa simu na mwanamke anayelia. "Mama, nimepata ajali, niko hospitalini, tuma chochote ulicho nacho." Bibi hajui kusoma wala kuandika, ila uchungu wa mwana anaujua. Akatuma akiba yote ya mwaka. Jioni mwanawe akaingia mlangoni mzima wa afya, ndoo kichwani, anauliza kuna nini mbona watu wamejaa. Bibi hakula siku mbili. Aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona unyasi, na Mama Sabuni, akiwa na hasira zake, alimwekea mama yake utaratibu. Namba zote zenye majina alizipa mlio wa wimbo. Zisizo na majina zikabaki na kengele. "Mama, ukisikia wimbo, pokea. Ukisikia kengele, usipokee kabisa, hao ni matapeli. Wakizidi kukusumbua, zima simu." Bibi akalishika somo hilo kama mtu anayekula kiapo.

Sasa huyo hapo Mama Sabuni, Jumatano jioni, ameshuka kwenye ndege katika nchi ya watu. Pale uwanjani kulikuwa na vibanda vitatu vya kuuza laini, na yeye alivizunguka vyote mara mbili akiuliza bei, begi lake akiliburuta nyuma. Mwisho akachukua laini ya msafiri, ya siku kumi, iliyokuwa rahisi kuliko zote. Alijiona mjanja. Usiku chumbani ndipo alipogundua kwamba laini ile ni ya intaneti peke yake. Haina namba. Haipigi simu ya kawaida wala haipigiwi. Na kitochi cha nyumbani intaneti hakiijui hata kwa jina.

"Umeuziwa gari lisilo na usukani," alisema mwenzake wa chumbani, mtengeneza mishumaa, mwanamke mnene mcheshi anayeongea Kiswahili cha kwao. Yeye alikuwa na programu kwenye simu yake ambayo unanunua dakika, halafu unapiga popote, hata kitochi. Akamwambia atumie.

"Bei gani?"

"Si nimeshanunua? Piga tu."

Mama Sabuni akakataa. Hakutaka deni la fadhila. Akasema kesho atatafuta njia yake mwenyewe. Alhamisi mchana, badala ya kula, alikwenda kwenye kibanda cha laini pale kona ya mtaa, akarudi na hesabu zimejaa ukurasa wa nyuma wa daftari. Laini ya nchi ile ina namba, lakini dakika moja ya kupiga nje inauma. Kadi ya kukwangua ina dakika za bei poa, lakini inakata ada kila unapounganishwa, upokelewe usipokelewe. Programu ni rahisi kuliko zote, ila inataka kadi ya benki, na kadi ya benki hana. Ijumaa akaenda tena kuuliza kama kadi ya kukwangua inapungua bei wikiendi.

"Mchagua jembe si mkulima," mtengeneza mishumaa alimwambia. "Huko nyumbani wanadhani umemezwa na ndege."

"Kesho," alisema Mama Sabuni. "Kesho Jumamosi napiga, liwalo na liwe."

Jumamosi ikafika. Darasa lao lilikuwa chumba kirefu chenye meza za chuma, mizani, mabeseni na harufu ya mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa. Mwalimu, mama mkavu mwenye koti jeupe, alisimama mbele na jagi la kioo mkononi. Mkalimani pembeni yake.

"Haya ni maji?" mwalimu akauliza.

Watu wakacheka. Walikuwa wazoefu wote, wanaijua kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni.

"Ni kostiki, imeyeyushwa jana, imepoa. Ukiitazama ni maji. Ukiinusa ni maji. Mtu mzima akimeza funda moja, koo lake linaungua na pengine halitapona. Mtoto, sitaki hata kusema. Ndiyo maana haiwekwi kamwe katika chombo cha maji ya kunywa. Ninyi kwenu mnaiweka wapi? Kila mmoja aseme."

Wakaanza kusema, mmoja mmoja. Zamu ya Mama Sabuni ilipofika, alifungua kinywa aseme kwa majivuno kwamba yeye ana ndoo yake maalumu, ya bluu, yenye msalaba mwekundu pande zote mbili. Kinywa kikabaki wazi. Mkalimani akangoja. Darasa zima likangoja.

Jumanne usiku aliyeyusha kostiki ya oda ya mwisho, aipike asubuhi kabla ya safari. Alfajiri gari la kumchukua likafika saa nzima kabla ya wakati, linapiga honi. Ndoo ya bluu haikuwa na mfuniko, na Kitenesi akiamka hushika kila kitu. Asije akatia mkono, aliwaza. Akachukua dumu tupu la lita tano, akaimimina yote humo, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote, akaliweka kando ya mlango wa jikoni. Alifanya hivyo kumlinda mtoto. Alikuwa amepiga magoti anatafuta pasipoti chini ya godoro aliposikia sauti ya mama yake: "Hili dumu la maji nalipeleka kwa wenzake." Na yeye, akili yote iko kwenye pasipoti, akajibu, "Ee, mama."

Ee, mama! Hayo ndiyo aliyosema.

Kwao bomba hutoa maji mara moja kwa wiki. Maji ya kunywa huchemshwa, yakatiwa kwenye madumu, yakapangwa stoo ukutani. Dumu moja kwa siku, unaanzia kushoto. Kulikuwa na madumu matatu. La nne ni lile. Akahesabu kwa vidole mbele ya watu wote, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kidole cha nne kikabaki hewani.

"Saa ngapi?" akauliza kwa sauti ambayo mkalimani hakuitafsiri.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nyumbani wako nyuma kwa saa tatu, kwa hiyo kule ilikuwa saa moja. Bibi keshaamka, anafagia. Chai yake ya asubuhi hunywa ile iliyobaki kwenye chupa tangu jana, huo ndio mtindo wake, na leo mtindo huo ulikuwa rehema. Lakini Kitenesi huamka kwenye saa mbili, na bibi ana sheria yake: kabla ya kuosha uso, kabla ya kusema neno, mtoto anywe kikombe kizima cha maji.

Mama Sabuni alitoka mbio na glavu zake mikononi. Mtengeneza mishumaa akamfuata, akamkuta kwenye korido amejiegemeza ukutani, anahema.

"Nipe simu yako," alisema. "Nipe, nipe, nipe."

Alimweleza huku akibonyeza namba. Mwenzake akashika kichwa kwa mikono miwili, hakuwa na utani tena.

Simu ikaita. Ikaita mpaka ikakoma. Akapiga tena. Ikaita, ikakoma. Alijua kinachotokea kule kana kwamba yuko jikoni: namba ngeni, ndefu, ya nchi isiyojulikana. Hakuna wimbo. Ni kengele. Na mama yake amesimama na ufagio, anakitazama kitochi juu ya meza, anasema, "Lieni tu."

Mara ya tatu ikakatwa. Mara ya nne ikakatwa upesi zaidi.

"Pokea, mama," alisema Mama Sabuni. "Leo tu. Nakuomba. Pokea."

Mara ya tano haikuita. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa upole kwamba simu anayopiga haipatikani kwa sasa.

"Amezima," akasema. "Nilimwambia azime."

Hakuna aliyemfunga mikono ila yeye. Kila mlango alioujaribu aliukuta kaufunga mwenyewe, na ufunguo hajui kautia wapi. Ujumbe wa maandishi? Bibi hasomi. Majirani? Namba zao zimo ndani ya kitochi kilekile kilichozimwa. Mtengeneza mishumaa aliwaandikia wenye mafunzo, ofisi yao ya kule kwao Mama Sabuni, na jibu lilikuja papo hapo, la mashine: ofisi imefungwa, tutakuhudumia Jumatatu. Jumatatu! Kufikia Jumatatu kutakuwa na nini cha kuhudumiwa?

Alikimbia mpaka kwenye kibanda cha kona. Muuza laini, mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso, alimwona anakuja akatabasamu, kwa kuwa ni siku ya tatu mfululizo.

"Leo umeamua?"

Mtengeneza mishumaa alifasiri kwa lugha ya kuokoteza, mikono ikisaidia. "Anataka ipi kati ya hizi inayoweza kuonyesha namba ya kwao. Namba ambayo simu ya nyumbani itaijua."

Tabasamu la muuza laini likaondoka. Akaeleza taratibu. Laini ya hapa itaonyesha namba ya hapa. Kadi ya kukwangua itaonyesha namba ya kampuni, pengine isionyeshe chochote. Programu ndiyo hivyo. Laini pekee ambayo nyumbani wangeijua ni laini ya nyumbani, na hiyo kaiacha nyumbani.

"Nipe zote," akasema Mama Sabuni.

Akanunua laini, akanunua kadi mbili, akatupa noti mezani na chenji hakuingoja. Wanaomfahamu wangelia kumwona. Alikwangua kadi kwa ukucha mpaka karatasi ikachanika. Akapiga kwa laini: haipatikani. Akapiga kwa kadi, namba ya kwanza, namba ya siri, namba yake: haipatikani, na ada ikakatwa. Akapiga tena. Muuza laini alimsogezea kiti, hakukaa.

Saa nne na nusu. Nyumbani saa moja na nusu.

"Huwa anaiwasha saa ngapi?" mtengeneza mishumaa akauliza. "Fikiri. Lazima aiwashe. Si amepewa apokee oda?"

Ndipo Mama Sabuni alipomkumbuka dobi. Kila Jumamosi, saa mbili kasorobo, dobi wa barabara ya pili hupiga simu kuagiza sabuni ya miche. Mteja mkubwa. Bibi hawezi kumkosa dobi, atawasha kwa ajili yake. Lakini saa mbili kasorobo na saa mbili ni ndugu wa tumbo moja. Na siku nyingine Kitenesi huamka mapema.

Alikaa kwenye ngazi ya kibanda, simu ya mwenzake mikononi, akawa anapiga kila baada ya muda mfupi. Haipatikani. Watu walipita na mifuko yao, wengine wakimtazama mama mzima aliyevaa aproni na miwani ya plastiki shingoni. Hakuwaona. Aliona kikombe cha mtoto, cha plastiki ya njano, kimening'inizwa kwenye msumari. Alimwona mama yake anakishusha. Aliapa kwamba hatapika sabuni tena maishani. Aliapa kwamba atagawa kila alicho nacho. Haipatikani. Majuto ni mjukuu, husema watu, na yeye aliketi pale anayakataa yasije, si leo, si mjukuu huyu.

Saa nne na dakika arobaini na nane, simu ikaita.

Akasimama. Ikaita mara moja, mbili, tatu, na ghafla ikapokelewa, na sauti ya mama yake ikatoka kwa ukali ambao hajausikia tangu akiwa mtoto.

"Nyie mbwa hamna haya? Tangu asubuhi mnanipigia kengele! Mmekosa kazi? Mlishanila mara moja, mnarudi kunila tena?"

"Mama! Mama, ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi mwanao!" Sauti yake ilimrudia mwenyewe sikioni, imekatikakatika, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Ndiyo dakika za bei poa hizo. Akaangua kilio. "Mama, nisikilize, nakuomba, mama…"

"Eti! Yule wa mwaka juzi naye alikuwa analia hivyohivyo. Kilio chenu nakijua. Mwanangu yuko safarini, na angepiga yeye ingelia wimbo."

Alielewa kwamba kila chozi linamzamisha. Akajiuma mkono, akanyamaza, akavuta pumzi. Akalitaja jina lake, la kwake, la baba yake na la babu yake.

"Jina hilo limeandikwa kwenye kila mche wa sabuni," bibi akasema. "Hata panya wa mtaa huu wanalijua."

"Kitenesi alizaliwa kabla ya siku zake, akakaa kwenye mashine wiki tatu."

"Manesi wote wanajua hilo."

"Ulikuwa unafagia sasa hivi. Umekunywa chai ya jana."

"Kwa hiyo mnanichungulia?" Sauti ya bibi sasa ilikuwa na hofu ndani yake. "Nitapiga kelele watu waje. Mwanangu aliniambia mtakuja na maneno matamu. Kwaherini."

"Mama, usikate!"

Na hapo, nyuma ya sauti ya bibi, mbali kidogo, akaisikia sauti nyingine, ndogo, nzito kwa usingizi.

"Bibi, maji."

"Kaa hapo kitini, mwanangu," bibi akajibu, mdomo ukiwa mbali na simu. "Nilishakumiminia, hiki hapa kikombe chako. Ngoja nimalizane na hawa wezi."

Zilibaki sekunde, si zaidi, na habari ya dumu bibi angeiona ni hila nyingine, angekata. Mama Sabuni akatafuta kichwani kitu ambacho hakijaandikwa popote, ambacho jirani hakijui, nesi hakijui, marehemu baba yake mwenyewe hakukijua. Kilikuwa kimoja. Kilikuwa kimelala pale miaka ishirini na miwili, na alikuwa amejiahidi kwamba hicho atazikwa nacho.

"Mama," alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Siku tuliyomzika baba. Jioni, watu wamekwisha kuondoka. Ulikuwa chumbani umekaa chini unakunja mashati yake. Nikaingia nikafunga mlango. Nikakwambia, bora ungekufa wewe."

Alidhani simu imekatika. Mtengeneza mishumaa, aliyesikia kila neno, alitazama pembeni.

"Sema unachotaka kusema," bibi akasema. Hasira ilikuwa imeondoka yote.

"Maji uliyommiminia mtoto si maji. Dumu la leo ni kostiki. Mimi ndiye nilimimina humo. Mnyang'anye kikombe!"

Simu ya kule ikaanguka sakafuni. Akasikia hatua za mbio, kiti kikiburuzwa, ukelele wa bibi, kitu chepesi kikigonga ukuta, kisha Kitenesi akaanza kulia. Mama Sabuni anakijua kila kilio cha mwanawe, cha njaa, cha deko, cha kuanguka. Hiki hakukitambua. Akakisikiliza akiwa amefumba macho, na kilipanda, kikapanda zaidi, na hakuna aliyekuja kumwambia ni kilio cha nini. Muuza laini alikuwa ametoka kibandani mwake, amesimama begani kwake, hata lugha haielewi.

Hatimaye simu ikaokotwa.

"Kilishafika mdomoni," bibi akasema, anahema.

"Amekunywa? Mama, amekunywa?"

"Hajanywa. Nimekipiga kikombe kikaruka."

"Mtazame midomo. Mtazame ndani ya mdomo. Mwoshe uso na mikono kwa maji ya pipa la nje, mengi, usiyahurumie."

Akangoja. Akasikia maji yakimwagwa, mtoto akilalamika kwamba ni ya baridi. Akasikia akilalamika! Hakuna wimbo duniani mtamu kuliko malalamiko yale.

"Midomo mizima," bibi akasema aliporudi. "Kwenye shavu kuna wekundu kidogo, nimelimwagia maji tena. Analia kwa sababu nimempiga mkono. Hajazoea kupigwa na mimi."

Mama Sabuni akakaa chini, palepale kwenye lami. "Mama, nisamehe. Gari lilikuwa linapiga honi, nilisahau kukwambia."

"Nimekusikia."

"Lile dumu usiliguse. Lifungie stoo. Wewe mwenyewe, miguu yako haijamwagikiwa?"

"Niko salama."

Bibi hakukata simu. Mama Sabuni alisikia pumzi zake, na nyuma yake mtoto akijinyamazia taratibu.

"Na lile neno, mama," akasema. "Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa na miaka kumi na sita." Bibi alisema polepole, bila lawama, kama anayeeleza habari ya nyumba nyingine. "Siku zote nilijiambia umelisahau. Nilisema huyu ana uchungu wa baba yake, limemtoka tu, kesho yake halimo tena kichwani. Ndivyo nilivyoweza kukaa na wewe miaka yote hii. Kumbe unalikumbuka mpaka mashati."

"Mama…"

"Ngoja nimbadilishe mtoto, amelowa," bibi akasema, na simu ikakatwa.

Mtengeneza mishumaa alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Mzima?"

"Mzima."

Mwenzake akapiga makofi, akamkumbatia kwa nguvu, akamtafsiria muuza laini kwa vidole na kicheko, naye muuza laini akashika kifua na kucheka, machozi yakimtoka. Mtu aliyekuja kununua vocha akauliza kuna sherehe gani. Mama Sabuni naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa furaha alikuwa nayo kweli, ya mtoto aliyeponea tundu la sindano. Kisha aliinamisha uso juu ya magoti yake akalia hadi wenzake wakaacha kucheka. Zilikuwa zimebaki siku sita za mafunzo, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuogopa kurudi nyumbani.